Nguzo Zisizofaa Hata kwa Kuni

Nilirudi kwa baba yangu, kwenye mteremko mmoja nje ya mji wa Nyeri, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na cherehani, godoro na mbuzi watatu. Ndoa yangu kule Kenol ilikuwa imeisha polepole bila kelele, kama inavyoisha betri ya redio: siku moja unageuza kitufe na hakuna anayezungumza. Watoto hatukupata. Cherehani ilikuwa yangu na mbuzi walikuwa wangu, nimewanunua kwa kushona sare za shule, kwa hiyo sikuacha nyuma kitu cha kulilia. Dereva wa lori la ndizi alikubali kutubeba. Mbuzi walisimama njia nzima na mimi nikakaa juu ya godoro.

Baba hakuniuliza chochote. Mama alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma na mzee alikuwa akiishi peke yake na redio na jogoo. Alinionyesha ile stoo ya mahindi ya mbao, akaniambia imefagiliwa. Sikujua aliifagia lini, kwa sababu sikuwa nimempelekea mtu yeyote habari kwamba ninakuja.

Wiki ya kwanza mbuzi wangu walikula migomba miwili na taulo. Wiki ya pili waliingia kwenye kahawa. Siku zile bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, na watu wengi wangeing'oa mibuni yao asubuhi moja kabla ya chai, ila sheria ilikataza. Kuhusu mbuzi sheria haikusema lolote. Baba alipita mstari mmoja hadi mwingine akitazama matawi yaliyogugunwa, wala hakuonekana mwenye huzuni sana. Kisha akasema, "Maitu, hawa wanataka boma."

Neno Maitu, kwa lugha yetu, maana yake ni 'mama yangu'. Mimi nilipewa jina la mama mzazi wa baba, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita mama yake. Mdogo wangu wa kiume alipewa jina la baba wa mzee, naye akaitwa Awa, yaani baba yangu. Kwa ufupi mzee wetu alilea wazazi wake wote wawili, akawachapa walipokosea, akawalipia karo. Jambo hilo halikumshangaza mtu yeyote kwetu.

Hapo kwenye boma ndipo penye shida, na sharti nieleze. Kwetu, mtu aliyeazimwa mahali pa kukaa anaruhusiwa mambo mengi. Anaweza kujenga kwa mbao, kulima mahindi, maharagwe, viazi, chochote kinachovunwa kikaisha. Lakini hapandi kitu kinachoshika mizizi kikabaki. Ukipanda kinachobaki umetangaza kwamba mahali pale ni pako, na hakuna aliyekupa ruhusa ya kutangaza. Binti aliyerudi kutoka kwa mume yuko katika kundi hilo la walioazimwa. Hakuna anayemwambia hivyo. Anapewa chai, anapewa stoo, na kila mtu anatazama anachochimbia ardhini.

Kwa hiyo swali la nguzo halikuwa swali la mbuzi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilitaka kujua kama nitazeekea pale au kama nitahama tena na godoro langu. Sikuweza kuuliza. Mtu haulizi jambo kama hilo kwa mdomo wake, hasa akiwa na mdomo kama wangu, ambao ulikuwa umeshaniharibia mengi. Nikangoja kuona baba atachagua nguzo gani.

Tulikwenda naye mjini, kwenye yadi moja ya mbao. Mwenye yadi alivaa koti la kijivu lenye penseli mfukoni, na alimheshimu baba kwa sababu baba hakuwa mtu wa kuharakishwa. Mzee alichagua nguzo kama daktari anavyopima wagonjwa wasiosema ukweli. Alizigonga kwa bakora yake, akasikiliza. Alizikwaruza kwa ukucha. Alitazama ncha zilizokatwa, kwa kuwa, alinieleza, sehemu nyeupe ya mti ni chakula cha mchwa na sehemu nyekundu ndiyo mti wenyewe, na wauzaji hupenda kukupimia unene kwa kuhesabu pamoja na chakula cha mchwa. Mwenye yadi alitazama kando. Mkaratusi baba aliukataa, akasema unapasuka ukipigwa msumari. Kisha akafika kwenye rundo la mutarakwa, ule mti mwekundu wa mlimani unaonukia penseli, na hapo akainama akanusa.

"Hii inakaa miaka ngapi?" nilimuuliza mwenye yadi, ingawa nilijua.

"Hii?" alisema. "Mama, hii utakufa uiache ikisimama."

Baba alitenga nguzo kumi na mbili za mutarakwa upande mmoja, moja moja, akaziwekea alama ya chaki. Nilifurahi hata nikaona haya. Nilijifanya natazama misumari. Tukakubaliana na mwenye yadi azihifadhi mpaka Jumamosi, mdogo wangu aje na pikapu azibebe.

Mdogo wangu alikuwa karani kwenye shamba moja la ngano huko Timau. Alikuwa mtu mzuri na ninataka hilo lieleweke, kwa sababu katika yafuatayo halitaonekana upesi. Alikuwa na mke na wavulana watatu, na shamba la baba lilikuwa ekari mbili na kidogo, mteremko mtupu. Mtu mwenye wavulana watatu na mteremko anafanya hesabu hata usingizini. Tangu apate kazi kule, kila sentensi yake ilianza na "kule Timau". Kule Timau fensi ilikuwa na urefu wa kutoka hapa mpaka Karatina. Kule Timau nguzo zilipangwa kwa kamba, zikanyooka. Tulimsikiliza.

Jumamosi alifika yadini, akaziona zile kumi na mbili zenye chaki, akasimama mikono kiunoni.

"Dada, hii ni mutarakwa."

"Ndiyo."

"Ya mbuzi tatu?"

"Baba ndiye alichagua."

"Hii ni nguzo ya kanisa," alisema. "Kule Timau mbuzi hawekewi mutarakwa. Mbuzi ni kitu ya leo na kesho. Unaweza kuziuza. Unaweza kupata... ati unaweza kupata mahali pengine pazuri. Sasa hizi nguzo utafanya nini nazo?"

Hakusema zaidi na hakuhitaji. Mwenye yadi akaanza kufuta chaki kwa mkono wa koti lake, taratibu, kama mtu anayefuta ubao baada ya somo. Nilitaka kusema maneno. Nilikuwa nayo mengi, mengine nimeyahifadhi tangu Kenol. Lakini nilikuwa nalala katika stoo iliyofagiliwa, nikanyamaza.

"Nitakutafutia mimi mwenyewe," mdogo wangu alisema kwa upole. "Usisumbuke."

Alitafuta mchana ule ule. Chini karibu na mto, jirani yetu mmoja alikuwa akifyeka konde lake la zamani apande majani ya ng'ombe, na amekata fito nene za mti uitwao mukungugu, rundo zima, zimelala pale bila jani hata moja kwa ajili ya kiangazi. Jirani alisema achukue zote, akimaliza kuzibeba atakuwa amemsaidia. Mdogo wangu alichomeka ukucha wa kidole gumba kwenye mti mmoja. Ukaingia kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

"Hii ni laini sana," alisema.

"Laini?" jirani alicheka. "Hiyo haifai hata kwa kuni. Ikikauka unaivunja kwa goti."

Niliona uso wa mdogo wangu ukitulia. Mti usiofaa hata kwa kuni, wa bure, wa kuoza kabla ya Krismasi. Alipakia pikapu mara mbili. Alibeba nyingine begani, mbili mbili, akipiga mluzi, na karani huyo kwa kawaida hakubeba hata kapu.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wake. Alizitazama zile fito zikishushwa mpaka ya mwisho. Kisha akamwita mwanawe.

"Awa, ni wewe umechagua hizi?"

"Ni mimi, mzee."

"Hakuna mtu amekuchagulia?"

"Hakuna. Nimeangalia mwenyewe. Ni nguzo ya kutosha mbuzi."

"Na ni wewe utachimba?"

"Si nitachimba tu. Niko na nguvu."

"Basi ni sawa," baba alisema, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Kilichofuata ndicho kilichoniumiza. Nilikuwa nangoja aseme neno moja juu ya mutarakwa, na badala yake akaanza kumsaidia. Alimwelekeza kutoka kigodani. Upande mnene uende chini. Ganda lisitolewe, kazi bure. Mdogo wangu alipotaka kuchoma ncha kwa moto na kuzipaka oili chafu ya gari, kama walivyofanya kule Timau dhidi ya mchwa, baba alipunga mkono.

"Oili ni ya nguzo ya kukaa," alisema. "Hizi si za kukaa."

Hata mdogo wangu aliinamisha macho kidogo. Kisha baba akasema kwamba kwa kuwa fito zilikuwa nyingi na za bure, basi boma lipitishwe nyuma ya stoo yangu, liizunguke pamoja na kipande cha shamba kilicho chini yake, mbuzi wasipate upenyo wa kuingia kwenye kahawa. Mdogo wangu akapiga kamba, akachimba mashimo, akajaza udongo, akashindilia kwa kisigino. Mstari ulinyooka kama wa Timau. Kona ya chini fito zilimwishia, akaziba pengo kwa miiba. Alikwenda zake Jumapili alasiri akiwa na malengelenge mikononi na moyo mweupe.

Mimi niliingia jikoni nikalia. Sikulia kwa ajili ya mdogo wangu, yeye nilimwelewa. Nililia kwa sababu ya baba, aliyenusa mutarakwa mbele yangu kisha akaketi kwenye kigoda akasema hizi si za kukaa. Nilimpelekea chai isiyo na sukari siku tisa. Aliinywa yote na kurudisha kikombe akisema asante.

Nikaanza kuishi kwa kufuata zile nguzo. Kila asubuhi kabla ya kukamua nilitikisa moja, ya karibu na mlango, nione imelegea kiasi gani. Nilijiambia kwamba siku itakapoanguka nitamwandikia binamu yangu wa Murang'a, nimuulize kama kuna chumba. Barua niliitunga kichwani na ilikuwa nzuri, fupi, haina manung'uniko. Mvua za masika zikaja. Nguzo haikulegea. Wiki ya tatu niliitikisa na ikawa imekaza zaidi, na nilipoinama kutazama nikaona kwenye ganda vijicho vya kijani, vidogo kama punje za mtama.

Nilizunguka boma lote. Zote zilikuwa navyo.

Nguzo zilikuwa zimeota. Binti aliyeazimwa stoo alikuwa amezungukwa na mstari wa miti iliyoshika mizizi, na karani mwenye wavulana watatu angekuja mwisho wa mwezi wowote. Nani angeamini kwamba sikujua? Nilitia kidole gumba kwenye jicho la kwanza nikalikwangua. Kisha la pili. Nilikwangua vijicho kila asubuhi kwa wiki mbili, kutoka chini mpaka mkono wangu ulipoishia, kidole kikawa cha kijani na mbuzi wakawa wananisubiri na maziwa yao.

Baba alinikuta. Alisimama na bakora yake akanitazama kwa muda.

"Maitu, unatafuta nini kwa hiyo nguzo?"

"Zinaota," nilisema.

"Ndiyo. Huo ni mukungugu. Ukiukata ukauacha, unaoza. Ukiuchimbia kabla haujakauka, mvua ikaupata, unaota. Ndiyo mti tunapandia viazi vikuu, vipate kupanda juu yake. Baba yangu alinionyesha."

Viazi vikuu kwetu vilikuwa kazi ya wanaume. Sisi wanawake tulivichemsha tu. Mdogo wangu naye alikuwa shule ya bweni tangu akiwa mdogo. Alivila kila Krismasi na hakuwahi kuuliza vinapanda juu ya nini.

"Baba, ulijua?"

"Nilikuwa nimekaa kwa kigoda," alisema. "Nani alichagua?"

"Ni yeye."

"Nani alichimba?"

"Yeye."

"Nikisema mimi kwamba hapa ni pako, wajomba na baba wadogo watakuja, tutakunywa uji, watakuwa na maoni. Na nikienda, watasema mzee alikuwa amechoka kichwa. Lakini Awa ndiye ataachiwa shamba, na yeye mwenyewe, mchana, akiwa na akili yake, amezungusha mpaka na kupanda miti. Atasema nini?" Akagonga nguzo kwa bakora, kwa mazoea, akasikiliza. "Wacha kuzikwangua. Unaziumiza."

Chai ya siku ile ilikuwa na vijiko vinne vya sukari. Alisema imezidi.

Lakini sikulala vizuri. Baba alikuwa na hakika yake, mimi nilikuwa na yangu: mtu aliyedanganywa na kigoda anaweza kukasirika kuliko aliyedanganywa na mdomo. Mdogo wangu hakuja mpaka mwezi wa saba, ngano ikiwa imeshapandwa na kupaliliwa, ukungu umeshuka na baridi imetukalia. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na koti lake zuri. Aliegesha pikapu, akageuka, akaliona boma.

Lilikuwa limefungamana majani juu pande zote nne. Chini lilikuwa tupu.

Alilizunguka polepole. Alishika nguzo ya kona kwa mikono miwili, akaitikisa, na badala yake koti lake ndilo lililotikisika. Akaja mpaka kwenye kigoda.

"Mzee, nguzo zimeota."

"Nimeona, Awa."

"Hukuniambia."

"Nilikuuliza mara mbili kama ni wewe umechagua."

Mdogo wangu hakuwa mjinga; nilimwona akiisoma habari yote kutoka mwanzo, kamba, mashimo, ule mzunguko wa nyuma ya stoo, oili iliyokataliwa. Sikio lake moja likawa jekundu.

"Kama unataka kung'oa, ng'oa," baba alisema. "Wewe ndiye ulipanda. Mimi sitang'oa mpaka ambao mtoto wangu amepanda, na huyu Maitu hawezi. Jembe iko pale."

Jembe lilikuwa pale kweli, limeegemea ukuta. Mdogo wangu alilitazama. Mimi nilisimama mlangoni mwa stoo na ndoo ya maziwa, na sikujua niiweke wapi.

"Dada," alisema, bila kunigeukia. "Mbona huku chini hakuna majani? Ni mbuzi?"

"Si mbuzi," nilisema. "Ni mimi. Nilikuwa nayakwangua asubuhi, yakiwa bado macho. Pale juu sikufika."

Sasa akageuka. "Kwa nini?"

Nilikuwa na majibu ya heshima na majibu ya ukali, na yote yalinipotea. "Niliogopa utanifukuza," nilisema.

"Mimi?"

Alirudi kwenye boma, akainama katika koti lake la kanisa, akapitisha kidole kwenye ganda mahali palipokwanguliwa, nguzo moja, ya pili, ya tatu. Alama zilikuwa nyingi. Kila moja ilikuwa asubuhi moja niliyomwogopa yeye, mtoto niliyembeba mgongoni mama akichuma kahawa. Aliendelea mpaka kona ya chini kwenye miiba, na pale akasimama muda mrefu, ametupa mgongo.

Kisha akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha pikapu, akachukua panga, akateremka kuelekea mtoni. Nilimtazama baba. Baba alitazama ukungu. Nilidhani amekwenda kupoza hasira, au kumtafuta jirani yule amgombeze, na nikaanza kutunga upya ile barua ya Murang'a.

Alirudi na fito mbili za mukungugu begani, mbichi, utomvu ukimchafua shati. Alizilaza karibu na lile pengo la kona. Akaondoa miiba, akachukua jembe pale ukutani, akachimba mashimo mawili, marefu kuliko yale ya kwanza. Baba hakumwelekeza kitu. Aligeuza fito mwenyewe, akatazama ncha zote mbili, akatia upande mnene chini.

"Dada, njoo unishikie," alisema. "Isimame wima."

Niliweka ndoo chini, mbuzi mmoja akaja akanywa maziwa yake mwenyewe, nikamwacha. Nilishika ule mti kwa mikono miwili. Mdogo wangu alipiga magoti akajaza udongo, na safari hii alijua anapanda nini.